Makamasi ya kipupwe: si kila pua inayochuruzika Ufipa ina mafua

Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kati ya maziwa mawili ya Bonde la Ufa, Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na sehemu kubwa ya uwanda wake iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali maziwa yenyewe yako karibu mita 800 tu. Kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu katika kila kilomita moja ya mwinuko, mkazi wa Muze au Ilemba, kule bondeni, anaweza kulala kwa shuka katika usiku uleule ambao mkazi wa Laela, aliye juu ya bonde hilohilo, anatafuta blanketi la pili. Laela, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Ifikapo Mei, pepo za kusini mashariki huleta hewa kavu, anga hutakata, na ardhi isiyo na mawingu ya kuifunika hupoteza joto lake usiku kwa haraka, hata mwezi wa Juni na Julai joto la alfajiri likashuka hadi kukaribia nyuzi 10 na mara nyingine chini ya hapo. Ndiyo majira yanayoitwa kipupwe, na ndiyo majira ya pua kuchuruzika.

Katika mazungumzo ya kila siku hali hiyo hupewa jina moja, mafua. Sababu moja, baridi. Na mara nyingi dawa moja, vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa. Ndani ya jina hilo moja, hata hivyo, mna mambo manne yasiyofanana: pua inayotoa maji kwa sababu ya hewa baridi na si zaidi, ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na virusi, mzio unaochochewa na vumbi la mavuno, na mwasho wa moshi wa kuni. Kwa bahati mbaya, au tuseme kwa sababu za jiografia na kilimo, yote manne hukutana Ufipa katika miezi ileile, kwa hiyo mtu asiyeyatofautisha hutibu lisilokuwepo na kuliacha lililopo.

Kazi ya pua ni kuiandaa hewa kabla haijafika mapafuni. Kila upande wa ndani mna vifupa vitatu vilivyojikunja, vilivyofunikwa na utando laini wenye mishipa mingi ya damu, na hewa inayopita katikati yake hupashwa joto na kutiwa unyevu kiasi kwamba, hata ikiingia na nyuzi 10, hufika chini ya koo ikiwa imekaribia joto la mwili. Utando huo hutoa ute, ambao ndio kamasi katika hali yake nyepesi, na ute huo hunasa vumbi na vijidudu. Chini yake kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kwa pamoja zaidi ya mara kumi kwa sekunde na kuusukuma kuelekea kooni, ambako humezwa bila mtu kutambua. Mtu mwenye afya kamili huzalisha ute huo usiku na mchana, na hana mafua.

Hewa inapokuwa baridi na kavu kuliko kawaida, neva za pua huziamuru tezi zitoe maji zaidi ili kufidia unyevu unaopotea. Zaidi ya hayo, pumzi inayotoka mapafuni huwa ya moto na yenye mvuke mwingi, nayo ikikutana na ncha ya pua iliyopoa, mvuke hugeuka matone kama yale yanayojikusanya chini ya kifuniko cha sufuria. Dereva wa bodaboda anayetoka Mpui kwenda Laela saa kumi na mbili asubuhi hana budi kufika akipangusa pua, na maji anayoyapangusa ni meupe, mepesi kama ya kisima, hayana homa wala maumivu ya koo, na hukoma dakika chache baada ya kuingia ndani. Hiyo ndiyo hali ya kwanza kati ya zile nne, na dawa yake ni skafu au kipande cha kitenge kilichozungushiwa pua na mdomo, kwa maana kitambaa hukamata joto na unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha katika hewa inayoingia. Hakuna kidonge kinachohitajika.

Mafua yenyewe ni jambo jingine. Ni maambukizi ya sehemu ya juu ya njia ya hewa, yaani pua na koo, yanayoletwa na virusi, vimelea vidogo kuliko bakteria ambavyo haviwezi kuzaliana ila ndani ya chembehai za kiumbe kingine. Virusi vinavyoweza kuleta mafua vinazidi aina 200, na kundi linaloongoza ni rhinovirusi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pua, ambalo peke yake lina aina zaidi ya 160. Wingi huo ndio unaoeleza kwa nini hakuna chanjo ya mafua ya kawaida na kwa nini aliyeugua mwezi uliopita anaweza kuugua tena mwezi huu: mwili hujifunza kumkabili adui mmoja, kisha huja mwingine asiyefahamika. Mtu mzima hupata mafua mara mbili au tatu kwa mwaka. Mtoto mdogo anaweza kuyapata mara sita hadi nane bila kuwa na kasoro yoyote ya kinga, jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi.

Mwendo wa ugonjwa unajulikana vizuri. Siku moja hadi tatu baada ya virusi kuingia, koo huanza kuwasha, chafya hufuatana, pua hutoa maji. Siku ya tatu au ya nne makamasi huwa mazito na kugeuka manjano au kijani. Na kati ya siku ya saba na ya kumi hali hutulia, ingawa kikohozi kinaweza kubaki hadi wiki ya tatu. Rangi ya kijani, inayowatisha wengi, hutokana na chembe nyeupe za damu zilizokufa vitani, ambazo zina kimeng'enya chenye madini ya chuma kilicho na rangi hiyo. Haithibitishi kwamba bakteria wameingia. Pengine rangi hiyo imeuza vidonge vingi kuliko tangazo lolote la redioni.

Je, baridi huleta mafua? Swali hili limesumbua wataalamu kwa karibu karne moja, na jibu lake si fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti waliwafuatilia wakazi wa Longyearbyen, mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe katika visiwa vya Svalbard karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wakakuta kwamba katika kipindi cha baridi kali, bahari ilipoganda na meli zikakoma kufika, mafua yalikaribia kutoweka, na yakalipuka mara meli ya kwanza ilipotia nanga. Nchini Uingereza, katika kituo cha utafiti wa mafua kilichofunguliwa karibu na Salisbury mwaka 1946, Christopher Andrewes na wenzake waliwaweka watu waliojitolea penye upepo wa baridi wakiwa wamelowa maji, na hawakuweza kuonyesha kwamba kupoa huko kuliwaongezea mafua. Kutokana na majaribio hayo ilizoeleka kufundishwa kwamba baridi haina hatia.

Hata hivyo bibi anayemwambia mjukuu avae sweta hakukosea kabisa. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwaambia watu waloweke miguu katika maji ya baridi, na katika siku zilizofuata walioloweka walilalamikia dalili za mafua zaidi ya wenzao waliokaa miguu mikavu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakitumia chembehai za njia ya hewa za panya, walionyesha kwamba rhinovirusi huzaliana vizuri zaidi katika nyuzi 33, ambazo ndizo joto la kawaida la tundu la pua, kuliko katika nyuzi 37, kwa sababu katika joto la chini kinga ya chembehai huchelewa kuitika. Kauli inayopatana na ushahidi wote huo ni kwamba baridi haizai mafua, kwa kuwa pasipo virusi hakuna mafua hata mtu akilala nje, bali huwapunguzia walinzi wa pua wepesi wao pale virusi vinapokuwa vimekwisha kubisha hodi.

Kazi kubwa ya baridi, hata hivyo, iko katika namna inavyowapanga watu. Jioni ya Julai mjini Laela madirisha hufungwa mapema, nyufa huzibwa kwa matambara, na familia nzima hukaa chumba kimoja chenye moto. Hewa iliyotoka katika mapafu ya mmoja huwa ndiyo hewa ya kuingia katika mapafu ya mwingine. Kalenda ya shule huongeza lake, kwa sababu likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni na wanafunzi hurudi madarasani na mabwenini mwezi Julai, wakati baridi ingali kali, kila mmoja akiwa amebeba virusi vya kijiji alikotoka. Kwamba mwanafunzi ni mbebaji mkuu si dhana tupu. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa shirika la Wellcome Trust walizifuatilia kaya 47 kwa miezi sita kati ya mwisho wa mwaka 2009 na katikati ya mwaka 2010, wakichukua majimaji ya pua ya kila mwanakaya mara mbili kwa wiki, ili kujua ni nani huwaambukiza watoto wachanga virusi viitwavyo kwa kifupi RSV, ambavyo kwa mtu mzima huleta mafua ya kawaida lakini kwa mtoto wa miezi michache huweza kushuka hadi mapafuni. Walikuta kwamba mara nyingi aliyevileta nyumbani alikuwa kaka au dada mkubwa. Mama wa Laela anayemfungia mtoto mchanga dirisha ili upepo usimpige, kisha akamwacha abusiwe na kaka yake aliyetoka shuleni akipiga chafya, amelinda mlango usio na mwizi.

Mzio ni hali ya tatu, nayo ina msimu wake Ufipa, kwa kuwa miezi ya kipupwe ndiyo miezi ya mavuno. Mahindi hukatwa na kupukuchuliwa, maharage hupigwa kwa fimbo juu ya turubai, ulezi hupurwa na kupepetwa, alizeti hukaushwa, na mashine za kusaga hufanya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Vumbi linalotoka humo lina vipande vya maganda, vijimelea vya ukungu, chavua na mabaki ya wadudu wa ghalani, na juu yake huongezeka dawa ya unga inayochanganywa na nafaka ili kuzuia dumuzi na fukusi. Kwa watu wengi vumbi hilo huishia katika chafya mbili tatu. Kwa wengine mwili hulichukulia kama adui wa kweli na kumwaga histamini, kemikali inayoitanua mishipa ya damu ya pua na kuzifanya tezi zimwage maji, na mtu huyo hupiga chafya kumi mfululizo, pua na macho humwasha, na makamasi yake hubaki maji matupu wiki baada ya wiki, wala hayageuki mazito siku ya nne kama ya mwenye mafua. Alama mbili zinatosha kumtambua: mwasho, ambao mwenye mafua huwa nao kwa nadra, na muda, kwa sababu mafua yasiyokwisha wiki nne si mafua. Mtu huyo hasaidiwi hata kidogo na dawa ya kuua bakteria. Husaidiwa na dawa ya kuzuia histamini kama setirizini, na zaidi ya yote na kitambaa kilichokunjwa mara mbili mbili usoni wakati wa kupura, kusimama upande upepo unakotoka badala ya upande unakoelekea, kuosha uso na kusukutua pua kazi inapokwisha, na kutolala chumba kimoja na magunia, ushauri ambao ni rahisi kuandikwa na mgumu kutekelezwa katika nyumba ambayo chumba cha kulala ndicho ghala.

Moshi ndio wa nne, na pengine ndio uliosahauliwa kuliko wote, kwa kuwa hauji na kuondoka. Jiko la mafiga matatu katika chumba kisicho na dirisha huwaka wakati wote wa mwaka, lakini wakati wa kipupwe hugeuka kuwa jiko na kipasha joto kwa wakati mmoja, moto haupoi hadi watu walale, na mlango ambao mwezi wa Januari huachwa wazi sasa umefungwa. Chembechembe za moshi wa kuni ni ndogo kiasi cha kupita vizuizi vyote vya pua. Huuwasha utando, huongeza ute, na wakati huohuo huvidumaza vile vinyweleo vinavyousukuma, hivyo makamasi hujaa bila njia ya kuondoka na virusi vinavyofika hukuta mlinzi amesinzia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa ndani ya nyumba karibu huzidisha maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Lazima ikubaliwe kwamba moshi una kazi zake: hufukuza mbu, na huzilinda mbegu za mahindi zinazoangikwa darini juu ya moto zisibunguliwe. Wafipa, wenyeji wa nyanda hizi, walibuni zamani kilimo cha ntumba, matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zioze badala ya kuchomwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuwahubiria kama watu wasiojua kuishi bila moto. Serikali, kupitia Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya mtungi wa gesi kufika kila kaya, kuni zilizokauka vizuri, tundu la kutolea moshi chini ya paa na kumtoa mtoto mgongoni mwa mama wakati wa kupuliza moto ni hatua zisizohitaji bajeti.

Ipo hatari nyingine ya moto wa ndani ambayo haihusiani na makamasi lakini huzaliwa na baridi ileile, na kuipita kimya kungekuwa kosa. Jiko la mkaa likiingizwa chumba cha kulala na mlango kufungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu na kumuua aliyelala bila kumwamsha. Jiko hilo litolewe nje kabla ya kulala, hata kama mkaa unaonekana kuwa majivu.

Mafua yasichanganywe pia na influenza, ingawa Kiswahili cha mitaani huyaita yote mafua. Influenza huletwa na virusi vyake maalumu, huanza ghafla kwa homa kali na maumivu ya mwili mzima, humlaza mtu kitandani, na inaweza kuua. Mkoa wa Rukwa, ambamo Ufipa imo, una kumbukumbu ya vifo hivyo. Mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari na wapagazi wake walipelekwa hadi Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, wakavushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha wakasafirishwa kwa reli; na huko Tabora, kambini, influenza ya mwaka ule iliyokuwa ikiizunguka dunia iliwaua wengi waliokuwa wameponea risasi kwa miaka minne. Chanjo ya influenza ipo duniani na hubadilishwa kila mwaka, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za Tanzania, kwa hiyo kinga kuu ya mwananchi inabaki kuwa ileile ya mafua, yaani mikono, hewa na umbali.

Kwa upande wa tiba, ukweli usiopendwa na wengi ni kwamba hakuna dawa inayoua virusi vya mafua, na kila kinachotolewa hupunguza usumbufu tu wakati mwili unafanya kazi yake. Chenye manufaa ya wazi kwa pua ni maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yakidondoshwa matone machache kila tundu, hulainisha makamasi yaliyoganda na kumwezesha mtoto mchanga kunyonya, kwa sababu mchanga hupumua kwa pua na pua iliyoziba humnyima hewa na ziwa kwa pamoja. Sharti la kuyachemsha lisipuuzwe, kwa kuwa maji mabichi yakiingizwa puani yanaweza kubeba vimelea hatari. Kupenga kamasi nako kuna adabu yake: tundu moja kwa wakati, taratibu, kwa maana anayebana yote mawili na kupenga kwa nguvu husukuma makamasi kuelekea kwenye sikio la kati.

Asali hutuliza kikohozi cha usiku, na mkazi wa Rukwa hana udhuru wa kuikosa, kwa kuwa miombo ya Mpanda na Inyonga, iliyokuwa sehemu ya mkoa huo hadi Katavi ilipomegwa mwaka 2012, ni miongoni mwa maeneo yanayosifika nchini kwa asali. Ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe hata ya kulamba, kwani inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kupooza misuli. Vitamini C ina sifa kubwa kuliko kazi yake: anayeitumia kila siku hapungukiwi na idadi ya mafua, bali muda wa kuugua hupungua kwa takriban asilimia nane kwa mtu mzima, ambayo katika ugonjwa wa siku kumi haifiki hata siku moja. Kujifukiza, ambako mwaka 2020 kulikuwa gumzo la nchi nzima kwa jina la nyungu, huleta nafuu ya muda kwa sababu ya joto na mvuke, lakini tafiti zilizokusanywa hazijaonyesha kwamba hufupisha ugonjwa, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali inayosubiri. Mafuta ya kupaka yenye mentholi hayafungui pua. Huziamsha neva zinazohisi ubaridi na kumfanya mtu ahisi hewa inapita. Matone ya dukani ya kufungua pua huifungua kweli kwa kuikaza mishipa ya damu, lakini yakitumiwa zaidi ya siku tano pua huziba upya na kuyadai. Homa na maumivu hutulizwa na parasetamoli. Mtoto asipewe aspirini. Sharubati za kikohozi na mafua zisitumiwe kwa watoto wadogo, ambao hawazifaidi na wanaweza kudhurika.

Linabaki duka la dawa. Tanzania ilianzisha mfumo wa Duka la Dawa Muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili maduka ya vijijini yawe na watoa dawa waliofunzwa na orodha ya dawa zilizoruhusiwa, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuupokea. Kwa mji kama Laela, duka hilo ndilo mara nyingi daktari wa kwanza. Mafanikio hayo hayapaswi kudharauliwa. Tatizo ni kwamba mteja huingia akiwa amekwisha kujiandikia dawa mwenyewe: anataka amoksilini, anataka ya shilingi kiasi fulani, na anataka vidonge vinne. Amoksilini ni antibiotiki, yaani dawa inayoua bakteria kwa kuvunja ukuta wa chembe zao, na virusi havina ukuta huo wa kuvunjwa. Mgonjwa hupona siku ya saba, kama ambavyo angepona bila dawa, na huamini kwamba vidonge vinne vimemponya. Bakteria wasio na hatia waliomo mwilini mwake, wakiwa wameonja dozi isiyowaua, hubaki na ujuzi wa kuikwepa, na hiyo ndiyo maana ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Ukubwa wa kosa hilo unaweza kukadiriwa kutokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la The New England Journal of Medicine, uliowachunguza watoto 1,005 waliofika vituoni Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa: asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, takriban asilimia 10 tu walikuwa na malaria, na watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Kwa wengi wao antibiotiki haikuwa na kazi ya kufanya.

Kinga inagharimu kidogo kuliko hayo yote. Rhinovirusi huishi saa kadhaa juu ya mkono, kitasa cha mlango, noti na kikombe, na huingia mwilini pale mkono unapogusa pua au jicho, kwa hiyo kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka ndiyo kinga ya kwanza, na kwa virusi hivi huzidi vitakasa mikono, kwa sababu havina ganda la mafuta ambalo spiriti huliyeyusha kwa urahisi. Ndoo yenye bomba iliyowekwa mlangoni mwa darasa hufanya kazi hata maji yakiwa baridi. Virusi haviondolewi na joto la maji bali na msuguano wa sabuni. Chafya ipigwe katika kiwiko, leso isipokezanwe, kombe la pombe au togwa lisizunguke midomo kumi. Dirisha lifunguliwe mchana jua linapopanda, hata kwa saa mbili, maana mchana wa Ufipa wakati wa kipupwe huwa na jua la kutosha na hakuna sababu ya chumba kubaki kimefungwa. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na apate chanjo zake zote, ikiwamo ya kukinga nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013 na ile ya surua, ugonjwa ambao nao huanza kwa mafua, kikohozi na macho mekundu kabla ya vipele kujitokeza.

Mzazi wa Laela mwenye mtoto anayechuruzika pua anahitaji saa ya mkononi au ya simu kuliko anavyohitaji vidonge. Mtoto akiwa ametulia, bila kulia wala kunyonya, ahesabiwe pumzi kwa dakika moja nzima: aliye chini ya miezi miwili akifikisha 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, au wa umri wowote ambaye sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea ndani anapovuta hewa, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu au anayelegea, huyo hana mafua tena bali anashukiwa kuwa na nimonia au ugonjwa mwingine mkali. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata ikiwa ni usiku, amefunikwa vizuri, pasipo kusubiri kupambazuke.